Msiba Ulioketi Kwenye Mabenchi

Kama unasoma haya ukiwa umelala umegeukia ukuta, usijisumbue kuinuka. Mimi niliutazama ukuta kwa miezi minne na naujua. Watu watakuambia ujikaze, umshukuru Mungu, wewe bado kijana, utazaa mwingine. Wanasema kwa wema. Ukiweza wasamehe, usipoweza waache wapite. Sitakuambia ugonjwa huu unaitwaje, maana daktari aliuita hivi, mchungaji akauita vile, na majirani zangu wa Rwamishenye walikuwa na jina lao ambalo hawakulitaja mbele yangu. Nitakueleza tu jinsi ulivyonikalia na jinsi ulivyoanza kuniachia. Huenda ukaona mahali pa kushika.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mume wangu Yeremia alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, nasi tulikuwa tumehamia nyumba mpya ya mabati, ya pembe nne, yenye sakafu ya saruji. Kwetu Wahaya nyumba hutandikwa nyasi. Mwanamke huenda rweya, ule uwanda wa majani nje ya kijiji, akakata, akabeba kichwani, akatandika, na zikichakaa huzitupa mashinani mwa migomba akaleta nyingine. Mgeni akiingia hutazama chini tu, akajua mwenye nyumba ni mke wa namna gani. Yeremia alisema nyasi zinafuga viroboto, na mtu aliyestaarabika hukaa kitini. Nami, nisiseme uongo, nilifurahi. Nilikuwa nimebeba nyasi tangu nikiwa na miaka saba. Sakafu ile niliipiga deki kila asubuhi na kuwaringia wenzangu.

Mtoto wangu wa pili alizaliwa kiangazi, kahawa ikiwa imeanikwa kwenye mikeka kila uani. Wa kwanza, Edisa, alikuwa na miaka mitatu. Huyu alikuwa wa kiume. Alinyonya vizuri siku nne. Siku ya tano aliamka akichemka, na kabla ya saa sita mchana alikuwa amefariki mikononi mwangu.

Wanaume walimchukua kwenda kumzika Izigo, nyumbani kwa wazazi wa Yeremia, kwenye kibanja, yaani shamba la migomba la ukoo. Mimi sikwenda. Damu ilikuwa bado inatoka, wakasema barabara itaniumiza.

Kwa ajili ya waliokuja kunipa pole, Yeremia aliazima mabenchi ya darasa la pili. Watu waliketi kwa mstari, magoti pamoja, wakitazama mbele kana kwamba kuna ubao. Mabibi wawili majirani walijaribu kuketi chini kama ilivyo desturi, wakagusa saruji, wakaona baridi yake, wakainuka. Siku ya pili tuliimba, tukaomba, matanga yakaanuliwa. Mabenchi yalihitajika shuleni Jumatatu. Usiniambie Yeremia alikuwa katili, hakuwa. Aliona mtoto wa siku tano, asiyebatizwa wala kupewa jina, msiba wake nao ni mfupi, na ukifupishwa zaidi nitapona upesi. Alisahau tu kwamba nyumbani kwao watu wakifiwa hawakai juu ya kitu chochote.

Maziwa hayakusikia habari ya kuanua matanga. Yalikuja kwa saa zake, asubuhi, mchana, jioni. Nilijifunga kifua kwa kanga iliyochanwa mpaka nikashindwa kuvuta pumzi, na bado gauni lililowa. Nilinuka uchachu. Edisa alikuwa akija kunikumbatia, ananusa, anarudi nyuma. Yalipokauka, nywele zikaanza kutoka, nazikuta kwenye mto kwa mafungu. Chakula kilinikwama. Sauti nayo ikapungua, si kwamba niliapa kunyamaza, ila kila neno lilikuwa zito kulinyanyua na sikuona la kulifanyia. Kila jioni Yeremia alirudi kutoka shuleni akanikuta nilipokuwa asubuhi, akanipikia uji, akanisomea Zaburi, na mimi namtazama kama mtu anayesoma gazeti la lugha nyingine.

Halafu ikaja siku ya Edisa. Alikuwa na njaa, nadhani aliniita, nikawa simsikii au namsikia sijali, sijui lipi ni baya zaidi. Alitoka akaenda zake. Jirani alimkuta mbali kwenye barabara ya kwenda mjini, miguu mitupu, lori likiwa limesimama mbele yake na dereva anafoka. Akamrudisha akamsimamisha mlangoni.

“Mama Edisa,” alisema, “mtoto alikuwa barabarani.”

Nilisikia kila neno. Sikuinuka.

Kesho yake dada yake Yeremia, Damari, alikuja kutoka Nshamba alikoolewa, akamfungia Edisa nguo zake kwenye kitambaa. Hakunisema vibaya. Ingekuwa afadhali angenisema. Edisa hakulia, alichukua kopo lake la kuchezea akamshika shangazi yake mkono. Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu duniani, nirudishiwe mtoto wangu, na sikuwa na nguvu hata za kuvaa viatu ili nikamwombe.

Yeremia ndiye aliyenivisha viatu akanipeleka hospitali mjini. Kama hujawahi kulijua benchi la hospitali, ni hivi: unafika alfajiri, unakuta wenzako waliofika kabla ya alfajiri. Unasogea nafasi moja kila mtu anapoitwa, kwa hiyo mpaka mchana umekalia joto la watu ishirini. Wote walikuwa na kitu cha kuonyesha, kidonda, kikohozi, mguu uliovimba. Mimi nilikaa pale na mwili mzima, naona haya, kama mtu aliyejipenyeza kwenye karamu.

Mara ya pili aliketi karibu yangu mama mmoja wa mjini, Mwislamu, ambaye wazazi wake walitoka pwani. Nilimjua baadaye kama Bi Mwanaisha. Alikuwa na mkono uliofungwa bendeji. Aliniangalia kifuani, ambako kanga ilikuwa bado imekaza, akauliza kwa upole, “Mtoto wako alikuwa anaitwa nani, mwanangu?”

Katika miezi miwili hakuna aliyeniuliza hivyo. Nilitikisa kichwa, kwa kuwa hakuwa na jina. Bi Mwanaisha alitoa kipande cha mkate wa kumimina kwenye kikapu, akanikatia nusu, na akanisubiri mpaka nikameza. Ndicho chakula pekee ninachokikumbuka kutoka msimu ule.

Daktari alikuwa Mzungu, mtu mtulivu. Alisema Kiingereza, dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, akageuza kwa Kiswahili, nami nikatafuta jibu kwa Kihaya, na mpaka likirudi kwake lilikuwa limepungua sana. Aliuliza nina nini. Nikasema nimechoka. Dresa akasema, “Anasema amechoka, bwana.” Wote wawili walinitazama kwa huruma. Alinipa dawa ya usingizi, na usingizi si haba, siwezi kuubeza. Ila nikiamka, kila kitu kilikuwa pale pale kinaningoja.

Safari ya tatu daktari aliongea na Yeremia peke yake. Nilisikia kupitia mlangoni. Iko hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali, meli mpaka Mwanza kisha treni. Karatasi ilikuwa tayari, ilihitaji sahihi ya mume. Kama mpaka mwisho wa msimu wa senene, wale panzi wa mvua za vuli wanaoliwa, sitakuwa nakula na kusema, nipelekwe. Sikujua mtu yeyote aliyewahi kwenda huko akarudi, na hilo tu lilinitosha. Niliwaza kwamba Edisa atakuwa mkubwa, ataambiwa mama yake yuko safarini, na atazoea.

Mvua za vuli zilipoanza, mama yake Yeremia alishuka kwenye basi pale Rwamishenye akiwa na kifurushi cha ndizi na mundu. Mama mkwe kwetu tunamwita mazara. Huyu wangu alikuwa mfupi, mkali wa macho, anayetembea upesi. Alisimama mlangoni akaitazama sakafu kwa muda.

“Mlimlilia wapi mtoto?” aliuliza.

“Hapa, mae,” Yeremia alijibu.

“Hapa wapi?”

“Kulikuwa na mabenchi.”

Mazara alipita akaja nilipolala, akaniwekea mkono shingoni, akaniita kwa jina langu la Kihaya. “Kokuhirwa, mwana wange, msiba wako umeachwa umesimama. Huyu hakuketi chini, Yeremia. Utamponyaje mtu ambaye hajaketi chini? Namchukua.”

Yeremia alikuwa anaogopa, na hofu yake niliielewa. Wazee wa kanisa walikuwa wakiangalia kila nyumba ya mwalimu, na ambaye mama yake anaita wapiga ramli asingekaa shuleni. “Mae, waitu, nakuomba,” alisema, “pasiwe na mganga. Pasiwe na mambo ya mizimu.”

“Unaniona na mganga?” Mazara aliinua mundu. “Mimi na mkutano wa wanawake wa kanisa tunakaa benchi moja kila Jumapili. Nimekuja na huu. Nakwenda kukata nyasi.”

Kule Izigo alikonipeleka, mazara alikuwa bado anakaa kwenye msonge, nyumba ile ya duara ya zamani iliyoezekwa mpaka chini. Alikata nyasi rweya siku mbili, akazoa za zamani zote, akatandika mpya mpaka zikafika kwenye vifundo vya miguu, akanilaza juu yake. Wanawake wakaanza kuja. Kila mmoja alikuwa na mzigo mdogo wa nyasi kichwani, anautua, anautandaza pale alipokusudia kuketi, ananyoosha miguu na kutoa kazi yake, huyu anasuka mkeka, huyu anachambua njugu mawe. Sheria zilikuwa chache. Hakuna aliyeniuliza kitu. Hakuna aliyeniambia nijikaze. Na sikuachwa peke yangu hata mara moja, mmoja akiinuka mwingine anaketi. Chakula kiliwekwa kwenye jani moja la mgomba, mbele ya wote, na mkono wangu usipofika, mkono wa mwingine uliniwekea mdomoni bila kukatisha mazungumzo. Jioni mazara alinikanda kwa maji ya moto yenye majani aliyoyajua yeye, mgongo na tumbo, kama mzazi anavyokandwa. Nilikuwa mzazi, hata hivyo. Rwamishenye kila mtu alikuwa amelisahau hilo, nami pia.

Nisikudanganye kwamba nilifurahi. Nilichukia. Viroboto walikuwepo, Yeremia hakusema uongo. Harufu ya nyasi mbichi ilinitia kichefuchefu. Wiki mbili nililala nimewageuzia mgongo nikiwasikiliza wanavyopiga soga kuhusu kuku na wakwe zao, nikawaona ni watu wasio na moyo. Nyasi zikaanza kugeuka rangi.

Alasiri moja, mvua imekatika, mazara alinishika mkono. “Twende,” alisema. Alinipeleka kibanjani, taratibu, maana miguu yangu ilikuwa imezoea kulala. Alisimama kwenye mgomba mmoja. “Hapa yuko wangu wa kwanza. Msichana. Siku tisa.” Akapita mingine mitano. “Hapa wawili pamoja, mapacha, hawakulia.” Alisema hivyo kama anayenionyesha mipaka ya shamba. Miaka sita tangu niolewe nilikuwa nimekata ndizi kwenye migomba ile na sikuwahi kujua. Kisha akanionyesha ardhi iliyoinuka kidogo, pana kama ungo, majani machanga yameshaota juu. “Na huyu ni wako.”

Nilikuwa sijapaona. Naomba unielewe, miezi yote ile nilikuwa na mtoto aliyetoka mlangoni mikononi mwa wanaume na hakufika popote. Niliketi pale pale chini. Nilisikia kilio, nikashangaa ni nani, na wanawake walitoka kwenye msonge wakaja wakaketi kwenye udongo wenye maji, na nguo zao nzuri, wakalia pamoja nami. Hakuna aliyeninyamazisha. Tulipochoka, mazara alinisaidia kuinuka akasema nyasi za ndani zimechakaa, kesho nikakate zangu.

Nilikata. Siku ya kwanza kishikio cha mundu kilinitia malengelenge na mzigo wangu ulikuwa mdogo hata watoto walicheka. Nikatandika pale pangu. Siku ya nne nilisikia mtu anauliza chumvi iko wapi, kumbe ni mimi.

Kisha senene wakaja. Asubuhi na mapema, baada ya mvua, rweya nzima ilikuwa ya kijani inayoruka. Kwa desturi yetu ya wakati ule wanawake ndio tuliokamata senene na kuwachambua, na hatukula hata mmoja. Aliyekula ni mume. Mke humkusanyia mumewe, na mume hujua kwa senene wale kwamba nyumbani kuna mke. Niliokota mpaka kanga ikajaa, nikakaa kwenye nyasi zangu nikanyofoa mabawa na miguu, nikawakaanga. Niliwafunga kwenye jani la mgomba, nikampa abiria mmoja wa basi la Bukoba tuliyemfahamu ampelekee Yeremia shuleni. Sikutuma maneno. Nilijua yuko na karatasi ya daktari na msimu unaisha.

Jumamosi alikuja kwa baiskeli, tope mpaka kiunoni. Mazara alimwekea kigoda cha mwanamume kama kawaida. Yeremia aliketi, akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa imetiwa sahihi. Alikuwa ameisaini siku ile ile nilipoondoka.

“Nilikuwa niipeleke Jumatatu,” alisema. Hakuniangalia. “Halafu nikapata kifurushi. Nilikula nimefunga mlango wa ofisi, nikalia mpaka kengele ikapigwa. Koku, mimi sikujua. Nilitaka tu iishe.”

Nilikuwa na hasira naye nyingi kuliko nilivyojua. Nilisema, na yalikuwa maneno marefu kuliko yote niliyosema tangu kiangazi, “Ulimzika nisipaone. Ulirudisha mabenchi.”

“Ndiyo,” alisema.

“Toka kwenye kigoda,” mazara alimwambia.

Mwanaume haketi chini kwenye nyasi za wanawake. Yeremia alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akakisukuma kigoda pembeni. Aliketi vibaya, suruali ya shule, hajui miguu aiweke wapi. Kisha alisema, kwa sauti ya chini, “Nilikuwa nimemwandalia jina. Kamugisha. Nilisubiri siku ya ubatizo niwashtukize.” Ndivyo nilivyojua mwanangu anaitwa nani. Karatasi ile mazara aliiwashia moto wa jikoni, akateleka ndizi.

Sasa ningependa kukuambia nilirudi Rwamishenye nimepona na Edisa akanirukia shingoni. Nilirudi baada ya Krismasi, nikiwa nakula, nikiwa nasema, nywele zikiwa zimeanza kuota kama za mtoto. Yeremia alikuwa amekwenda rweya mwenyewe akakata, akabeba mzigo kichwani, mchana kweupe, mbele ya wanafunzi wake, akatandika juu ya saruji yake. Alitandika hovyo, mahali pengine panene, mahali pengine peupe, na walimu wenzake walimtania mpaka Pasaka. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kuuliza. Yeremia alimkaribisha aketi.

Edisa aliletwa na Damari mwezi wa pili. Alikuwa amerefuka. Alimwita Damari mama. Aliposhushwa mgongoni na kuona shangazi yake anaelekea barabarani bila yeye, alilia kilio ambacho sikuwahi kumsikia nacho, akajigonga mlangoni, akaniuma mkono nilipomshika. Yeremia alikimbilia sukari guru. Jirani akasema mwambie utampiga. Ndani yangu nilisikia ule ukuta wa zamani unaniita nigeuke, nao uko karibu sana, usidhani unakwenda mbali. Mpaka leo kahawa ikianikwa mikono hunilegea, na mazara, akiwa bado na nguvu, alikuwa akijua na kuja bila kuitwa.

Nilichukua nyasi mbichi nilizokata asubuhi, nikazitandaza pale mlangoni karibu naye, nikaketi na kunyoosha miguu. Nikatoa mkeka niliokuwa nasuka. Sikumwambia anyamaze. Sikumwambia mimi ndiye mama. “Lia, mwanangu,” nilisema, “namjua Damari, ni mtu wa kuliliwa. Mimi niko hapa.”

Alilia siku ile, na kesho yake, na nyingine, akichoka analala kwenye nyasi, mbali kidogo nami, kopo lake likiwa mkononi. Nyasi zile zilikauka kabla hajaniita kitu chochote. Nilizizoa, nikachukua mundu, nikaenda rweya kukata nyingine.